SHUKRANI NI DENI, KURA NI USHAHIDI

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, anayeneemesha pasi na kuombwa na anayelipa pasi na kupunja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu katika imani, yapo mambo mawili mema ambayo kila moja likikaa mahali pake huijenga jamii, na yakichanganywa huibomoa. La kwanza ni shukrani kwa aliyetutendea wema. La pili ni kura, yaani kauli tunayoitoa tunapoulizwa nani anafaa na nani hafai. Hapa kwetu Moshi, tangu mjini mpaka vijiji vya Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu na Rombo, swali hilo tunaulizwa mara nyingi: katika uchaguzi wa kitongoji na kijiji, wa diwani na mbunge, wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, wa kamati ya shule na wa kamati ya msikiti. Na mara nyingi jibu tunalolitoa silo la swali tuliloulizwa. Tunaulizwa nani ataiweza kazi hii, nasi tunajibu kwamba fulani alituletea saruji.

Hoja yetu katika makala haya ni fupi. Shukrani ni deni tunalodaiwa na yule aliyetutendea wema. Kura ni ushahidi tunaodaiwa na wale watakaoishi chini ya matokeo yake. Wadai ni wawili, na malipo ya mmoja hayamalizi deni la mwingine.

MANENO MAWILI NA ASILI ZAKE

Wanazuoni wamesema kwamba shukrani ina makazi matatu: moyo unaoitambua neema, ulimi unaoitaja, na viungo vinavyoitumia katika radhi za Mwenye kuitoa. Ndiyo maana katika Surat Saba watu wa nyumba ya Nabii Daud (a.s.) waliamrishwa watende kazi kwa kushukuru. Mtume (s.a.w.) naye ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu huwa hajamshukuru Allah. Akatufundisha pia namna ya kulipa: aliyetutendea wema tumlipe wema, na tukikosa cha kumlipa tumwombee dua mpaka tuone kuwa tumemlipa. Tuzingatie kwamba yote hayo, yaani neno, malipo na dua, humwendea mtendaji mwenyewe, na hutoka katika mali yetu na ndimi zetu wenyewe. Hatukufundishwa kumlipa mfadhili wetu kwa kumkabidhi amana ya watu wengine.

Ama neno kura, asili yake ni qur'a katika Kiarabu, na maana yake ni kupiga bahati nasibu. Surat Al-Imran inatueleza habari za wale waliotupa kalamu zao ili ijulikane nani atamlea Maryam (a.s.). Mtume (s.a.w.) naye alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake. Hekima ya qur'a ni kwamba upendeleo haupati mlango wa kuingilia. Waarabu wa leo kura ya uchaguzi huiita sawt, yaani sauti. Na kwa kuwa sauti hiyo ni kauli ya mtu juu ya mtu mwingine, wanazuoni wengi wa zama hizi wameipa hukumu ya ushahidi.

Ikiwa kura ni ushahidi, basi amri yake imekwisha kutolewa. Katika Surat An-Nisaa waumini wameamrishwa wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Allah, hata kama utakuwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Tutafakari kutajwa kwa wazazi hapo. Hao ndio ambao katika Surat Luqman shukrani zao zimeunganishwa na shukrani za Allah mwenyewe. Hakuna mwanadamu tunayemshukuru zaidi ya mama aliyetubeba. Ikiwa hata yeye halipwi kwa ushahidi, ni mfadhili gani basi atakayedai kulipwa kwa ushahidi wetu?

Jambo hili walimu wanalijua vyema. Mwanafunzi anayemchotea mwalimu maji kila siku anastahili ahsante, dua, pengine hata zawadi. Lakini mwalimu akimwongezea alama za mtihani kwa sababu ya maji yale, atakuwa amemdhulumu mwanafunzi aliyeketi nyuma yake, na atakuwa amemdanganya kila atakayekisoma cheti kile.

TAKRIMA: NENO ZURI LILILOTUMIWA VIBAYA

Nchi yetu iliwahi kuuchanganya ukarimu na kura kwa nguvu za sheria. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikaingizwa humo kwamba kile mgombea anachokitoa kwa nia njema, kikiwa ni ukarimu wa kawaida au wa kimila, kisihesabiwe kuwa rushwa. Hicho ndicho kilichoitwa takrima. Neno lenyewe ni zuri, kwani limetoka katika shina moja na karimu na ukarimu. Ila katika desturi zetu, za pwani na za mlimani, mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Katika takrima mgeni ndiye anayekuja kumkirimu mwenyeji nyumbani kwake mwenyewe, tena huja mara moja tu katika miaka mitano.

Mashirika matatu ya kutetea haki, miongoni mwao Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, na mwaka 2006 Mahakama ikaamua kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Vilimbagua mgombea asiye na mali, na vilifungua mlango wa rushwa. Kisha mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Kwa Waislamu hukumu ile haikuwa ngeni. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema kwamba hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo hakuketi nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfikia. Kipimo hicho kinatutosha mpaka leo. Je, pilau, kanga na mabati yale yangetufikia lau mletaji hakuwa akiitafuta kura yetu? Kama yasingetufikia, basi yalikuwa bei, na anayelipwa bei hadaiwi shukrani.

Hata hivyo, vifungu vimefutwa katika sheria lakini mazoea hayajafutwa nyoyoni. Mahakama inaweza kuukataza mkono usitoe, ila haiwezi kuukataza moyo usijione unadaiwa. Kazi hiyo ni ya mimbari na madrasa.

FIRAUNI ALIDAI, ABUBAKAR HAKUDAI

Qur'ani imetuonyesha jinsi fadhila inavyoweza kutumiwa kuziba mdomo wa shahidi. Katika Surat Ash-Shuaraa, Nabii Musa (a.s.) anasimama mbele ya Firauni akiwadai Bani Israil waachiwe huru. Firauni haanzi kwa kuijibu hoja. Anaanza kwa kukumbusha fadhila: je, hatukukulea kwetu ulipokuwa mtoto, ukakaa nasi miaka mingi ya umri wako? Musa (a.s.) akamrudishia swali: hiyo ndiyo neema unayonisimbulia, na hali umewatia utumwani Bani Israil? Wafasiri wametofautiana kama Musa aliikubali neema ile au aliikanusha. Wametofautiana katika hilo, ila malezi ya nyumba moja hayakununua kimya chake juu ya dhulma iliyolipata taifa zima.

Kinyume cha Firauni ni Abubakar As-Siddiq (r.a.). Yeye alimnunua Bilal (r.a.) kutoka katika mateso ya Makka, akamwacha huru. Ni fadhila gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki, Bilal alitaka kuondoka, na Abubakar akapenda abaki. Amepokea Bukhari kwamba Bilal alimwambia: ikiwa ulininunua kwa ajili ya nafsi yako, basi nizuie, na ikiwa ulininunua kwa ajili ya Allah, basi niache na kazi ya Allah. Bilal hakuisahau fadhila, lakini aliiweka mahali pake. Na Abubakar huyo huyo, aliyewatangulia wote katika kuutumikia Uislamu kwa mali yake, alipopewa uongozi hakuwaambia watu wamtii kwa sababu ya aliyoyatoa. Aliwaambia wamsaidie akitenda vyema, na wamnyooshe akipotoka.

MFANO WA MLIMANI KWETU

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya vitabuni tu. Mwaka 1951 Wachaga walimchagua Thomas Marealle wa Marangu kuwa Mangi Mkuu, na mwaka uliofuata akasimikwa. Miaka ile ya 1950 kahawa ilikuwa na bei nzuri, chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilikuwa na nguvu, na Wachaga wakawa na gazeti lao la Komkya. Walikuwapo wengi waliomshukuru Mangi Mkuu kwa heshima aliyoipatia jamii yao. Kisha mwaka 1960 wananchi wakaulizwa katika kura ya maoni: je, kiongozi wao mkuu awe Mangi wa maisha, au awe rais anayechaguliwa? Walio wengi wakataka rais wa kuchaguliwa, na Solomon Eliufoo akaishika nafasi hiyo.

Hapana shaka siasa za wakati ule, TANU ikiwa mbele katika kudai uhuru, zilikuwa na sehemu yake katika matokeo hayo. Nasi hatuandiki ili kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunachokiona ni kwamba wazee wale waliulizwa juu ya namna ya kutawaliwa wao na wajukuu wao, wakalijibu swali hilo. Na kujibu kwao hakukulifuta jina la Marealle, kwani mpaka leo latajwa kwa heshima Marangu. Heshima ilibaki kwa mwenyewe, na uamuzi ukabaki kwa wenye nchi.

Vyama vyetu vya msingi navyo vimejengwa juu ya kanuni hiyo ya ushirika: mwanachama mmoja, kura moja, awe ameleta magunia kumi ya kahawa au debe moja. Aliyeleta magunia kumi analipwa kwa kilo zake. Halipwi tena kwa kura ya ziada.

UPANDE WA PILI WA KOSA

Ndugu msomaji, yupo pia anayekosea kwa upande mwingine. Huyo hudhani kwamba akishatoa alama, kura au malipo, basi amekwisha kushukuru, na ulimi wake hauna kazi tena. Mfano wake tunao mlangoni petu.

Kila mwaka maelfu ya wageni huupanda mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, na vijana wetu ndio wanaowabebea mahema, vyakula na mitungi ya gesi. Watu huwaita wapagazi, na wenyewe hujiita wagumu. Safari inapokwisha, katika geti la Mweka au la Marangu, hutolewa bakshishi. Kisha mgeni hurudi kwao, na siku hizi huingia katika intaneti akaipa kampuni nyota tano. Nyota hizo zina faida, kwani humwongoza msafiri ajaye. Lakini kijana aliyelala baridini na kuamka usiku kuchemsha maji hazioni, na jina lake halimo. Haki yake ilikuwa ni ujira wake kamili, na neno la shukrani aambiwe yeye, kwa jina lake, uso kwa uso.

Yupo na mgeni wa namna nyingine. Huyu humkumbatia mpagazi, akamwambia ahsante mara kumi, akampa na koti lake. Lakini aliona kwamba mzigo ulizidi kilo 20 zilizowekwa, na kwamba wabebaji walikula mlo mmoja kwa siku, naye akanyamaza asimvunjie moyo kiongozi wa safari aliyemtendea vizuri. Huyu ameshukuru na ameficha ushahidi, na wapagazi wa safari ijayo watabeba mzigo ule ule. Ndiyo maana shirika la KPAP, lililoanza kazi hapa Moshi mwaka 2003 ili kuwasaidia wapagazi, hufuatilia mambo yanayopimika: ujira, chakula, mahema na uzito wa mizigo. Shukrani haiwezi kuyajibu maswali hayo, kama ambavyo nyota haiwezi kumwambia mtu ahsante.

MISIKITI YETU

Sasa turudi nyumbani. Katika baadhi ya misikiti ya mteremko huu ipo kamati ambayo muda wake ulikwisha zamani, na hesabu zake hazijasomwa mbele ya waumini kwa miaka kadhaa. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba mwenyekiti ndiye aliyetoa kiwanja, au marehemu baba yake ndiye aliyevuta maji ya udhu, na kumwondoa itakuwa ni kumvunjia heshima. Pesa za mayatima, za madrasa na za mazishi zinalindwa na haya ya waumini tu. Huo si ulinzi.

Tukilichunguza jambo hili tutaliona shina lake: kwa kuwa tumesahau kushukuru kwa ulimi, tunashukuru kwa vyeo. Mzee aliyeutumikia msikiti miaka kumi haambiwi neno la wazi hata siku moja. Hatajwi katika khutba, haombewi dua kwa jina, haandikiwi hata barua. Shukrani pekee anayoijua ni kuachwa katika kiti chake. Basi akiondolewa huona kwamba amenyang'anywa kila kitu, na watu wake huona ametukanwa, na msikiti hugawanyika. Lau tungemlipa deni lake mapema na hadharani, angeondoka akiwa ameshiba heshima, na waumini wangekuwa huru kutoa ushahidi wao.

Na mlima huu haukuwa mgeni wa shukrani. Wazee wa Kichaga walikuwa na neno lao, aika, nao wakawapa hata watoto wao majina ya kushukuru, kama Aikaruwa, yaani ahsante kwa Mungu. Sisi tuliofundishwa kusema jazaka-llahu khairan hatuna udhuru wa kuwa mabubu.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne:

1. Mkutano mkuu wa msikiti uanze kwa shukrani. Watajwe kwa majina waliotoa mali, waliotoa nguvu na waliofagia, waombewe dua, na yaandikwe katika daftari la kumbukumbu.

2. Baada ya shukrani zisomwe hesabu, nazo ziulizwe maswali. Uchaguzi ufanyike katika kikao kingine, ili harufu ya shukrani isiingie katika kura.

3. Kura ipigwe kwa siri, ili asiwepo wa kumsimbulia mwenzake wala wa kumwonea haya.

4. Mfadhili atoe na kusahau. Surat Al-Baqara imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Anayetoa bati ili apate kiti amekwisha kuuza bati lake.

JE, HUKO SI KUWA KAMA PUNDA?

Atasema msemaji: fadhila ya punda ni mateke, nanyi mnatufundisha kumpiga teke aliyetubeba. Tena, je, wema wa mtu si dalili ya kufaa kwake?

Tunajibu kwamba ndiyo, wema uliopita ni dalili. Lakini dalili hupimwa, na deni hulipwa tu. Tumtazame Nabii Musa (a.s.) katika Surat Al-Qasas, alipowanyweshea wanyama mabinti wawili wa mzee wa Madyan. Kwanza mzee alimwita ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Hilo likawa deni, likashughulikiwa peke yake. Kisha katika aya inayofuata binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, na sababu aliyoitoa ni kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hakusema amwajiri kwa kuwa alitusaidia. Alisema anafaa, kwa nguvu na uaminifu. Wema ule ule wa kisimani uliingia katika mizani mbili, na kila mzani ukasomwa kwa wakati wake.

Basi aliyechimba kisima tumuulize mambo yale yale tunayomuuliza asiyechimba. Kisima kilichimbwa kwa pesa za nani? Kama ni za kodi yetu, tumshukuru kwa jitihada, na pesa tujue ni zetu. Hesabu zake zilisomwa? Alishauriana na watu? Akifaulu, tumpe kura bila ya kusitasita, na kura hiyo itakuwa ushahidi wa kweli. Asipofaulu, tumnyime kura na tumfuate nyumbani tukamshukuru kwa kisima, tumsalimie njiani, tumtembelee akiugua. Wala asiwepo miongoni mwetu anayemnyima salamu mtu kwa kuwa hakumpa kura. Huko ndiko kurusha mateke.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie ndimi zenye kushukuru na nyoyo zenye kushuhudia haki, atuepushe na kuificha haki kwa ajili ya pilau wala kwa ajili ya haya, na awalipe kheri wote waliotutumikia, tunaowajua na tusiowajua.

Wabillahi tawfiq.